Barua mbili mezani, moja benki ya umma, moja benki binafsi. Nisaini ipi?

Njia_Panda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Nina barua mbili za ajira na zote zinataka jibu kabla ya Ijumaa jioni. Najua wengi mtasema ni tatizo zuri, lakini usingizi sina.

Ya kwanza ni ya benki ya umma. Cheo ni afisa wa benki, ngazi ya kuingilia. Mshahara uko kwenye jedwali, unapanda kidogo kila mwaka upende usipende. Majaribio mwaka mmoja. Kipengele nilichokisoma mara tatu ni hiki: "Mwajiriwa atafanya kazi katika tawi lolote atakalopangiwa." Tawi lenyewe halikutajwa.

Ya pili ni ya benki binafsi. Cheo ni afisa mahusiano. Mshahara ni mara moja na nusu ya ule wa kwanza, na kamisheni juu. Majaribio miezi sita. Huku nako kuna kipengele cha kusoma mara tatu: "Kuthibitishwa kazini kutategemea kufikiwa kwa malengo." Malengo yenyewe hayakutajwa.

Nyumbani wamegawanyika. Baba anasema serikali haifi. Kaka yangu anasema serikalini nitazeeka nikigonga mihuri. Shahada yangu ni ya fedha. Nataka nijue kazi ya mikopo kwa undani, hilo ndilo linalonivuta benki. Nawasikiliza.

Chura_wa_Kisima

Saini moja, nyingine nirushie mimi. Uzi ufungwe.

Mwindaji_Amana

Kaka, pole na hongera. Nipo benki binafsi mwaka wa sita sasa. Nikutafsirie kwanza hicho cheo: afisa mahusiano ni afisa mauzo aliyefunga tai. Utatafuta amana, utauza mikopo, utauza bima, utauza kadi, na mwisho wa mwezi unakaa mbele ya meneja na karatasi ina safu mbili tu, ulichoambiwa na ulicholeta.

Pamoja na hayo yote, mimi nasema nenda binafsi. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nakaa na wakurugenzi wa kampuni nawapangia namna ya kulipa wasambazaji wao. Rafiki yangu tuliyemaliza naye chuo akaenda umma, muda huo alikuwa bado anasubiri nywila ya mfumo irekebishwe. Unajifunza haraka kwa sababu hawana muda wa kukufundisha. Na ukifanya vizuri inaonekana kwenye mshahara wa mwezi unaofuata, husubiri mtu astaafu ili upande.

Msomi_Mkavu

Kabla hamjaenda mbali: "benki ya umma" maana yake nini kwenye barua hiyo? Kuna benki ambayo serikali ina hisa zote. Kuna ambayo serikali ina zaidi ya nusu na nyingine zinauzwa soko la hisa, kama State Bank of India. Kuna DNB ya Norwei ambayo serikali inashikilia asilimia 34 na benki inajiendesha kibiashara kabisa. Kuna zile za akiba za Ujerumani, Sparkassen, ambazo ziko chini ya miji na wilaya. Na kuna benki za maendeleo kama KfW ya hukohuko Ujerumani, iliyoanzishwa 1948, ambazo hazina hata kaunta. Mtu akikuambia "umma ni wavivu" au "umma ni salama", muulize umma upi.

Njia_Panda

Msomi, serikali ina hisa nyingi lakini si zote. Ina matawi mpaka vijijini.

Bwana_Mihuri

Sikiliza baba yako. Mwaka 2023, tarehe 10 Machi, Silicon Valley Bank ya Marekani ilifungwa asubuhi watu wakiwa kazini. Wafanyakazi waliambiwa nini? Mtabaki siku 45, mtalipwa mara moja na nusu ya mshahara, kisha kila mtu na lake. Wenye amana serikali ikawalinda. Mfanyakazi si mwenye amana.

Benki ya umma haifungwi hivyo.

Mkopo_Chechefu

Haifungwi hivyo, ni kweli. Inafungwa kwa njia nyingine, polepole, na kwa hotuba.

Tanzania ilitaifisha benki Februari 1967 na NBC, benki ya taifa ya biashara, ikazaliwa hapo. Mwaka 1997 ikagawanywa, NMB ikatokea humo, na 2000 hisa nyingi za NBC zikaenda kwa benki ya ABSA ya Afrika Kusini. Karani aliyeajiriwa miaka ya sabini akiamini yuko serikalini mpaka kustaafu aliamka siku moja mwajiri wake ana anwani nyingine. India walitaifisha benki 14 mwezi Julai 1969, na Aprili 2020 wakaunganisha benki 10 za umma zikabaki 4. Hapo nembo zilibadilika, mifumo ikabadilika, na mameneja wawili wakajikuta wanatazamana mtaa mmoja wakijua kiti kitabaki kimoja.

Uingereza ilienda kinyume. Oktoba 2008 serikali iliiokoa Royal Bank of Scotland hadi ikamiliki takriban asilimia 84, halafu ikauza hisa kidogokidogo mpaka ikamaliza Mei 2025. Aliyeingia benki binafsi alikuja kuwa wa umma, kisha akarudishwa alikotoka, hajahama hata meza. Na kipindi hicho chote watu walikuwa wanapunguzwa kwa maelfu.

Kwa hiyo usisaini kwa sababu ya mwenye mali. Mwenye mali anabadilika.

Bwana_Mihuri

Mkopo_Chechefu, jina lako tu linatosha kumkatisha tamaa kijana.

Mkopo_Chechefu

Nafanya kazi ya kukusanya mikopo chechefu, ile isiyolipwa, ndugu yangu. Nimelipata kihalali.

Mama_Kaunta

Nimekaa kaunta miaka 19, kumi na mmoja umma na minane binafsi. Niwape kisa kimoja, hukumu mtatoa wenyewe.

Jioni moja kule umma droo yangu iligoma kufunga. Mfumo unasema hivi, mkononi nina pungufu ya noti moja, ile kubwa. Shoti. Hakuna aliyeondoka, mpaka meneja alivua koti. Tukahesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne dada mmoja akasema tukate na vile vibunda vilivyokwisha kufungwa. Mnavijua, vile vya noti mia mia vyenye karatasi kiunoni, muhuri na saini ya aliyevihesabu. Hivyo kwa kawaida havihesabiwi noti kwa noti, unahesabu kibunda, unasonga. Tukakata. Kimoja kilikuwa na noti 99. Aliyekifunga alikuwa meza ya pili, anakunywa maji, hanitazami. Tulitoka usiku.

Nilipohamia binafsi nikapata shoti ya namna ileile. Ilichukua dakika tano. Nikasaini fomu, ikakatwa kwenye mshahara, nikaenda nyumbani kula na wanangu. Asubuhi kwenye kikao ubaoni kulikuwa na majina yetu na idadi ya akaunti tulizofungua jana yake. Yangu ilikuwa sifuri. Shoti haikutajwa na mtu. Sifuri ilizungumzwa nusu saa.

Umma wananiuliza noti imekwenda wapi, binafsi wananiuliza akaunti ziko wapi. Mimi nilizoea zote mbili, ila nilichoka kwa namna tofauti. Kule umma nilikuwa nachoka miguu.

Njia_Panda

Shikamoo mama. Hiki kisa nimemsomea baba, amekaa kimya.

Halafu nisahihishe kitu, mimi si kaka, ni dada 😅

Mwindaji_Amana

Samahani sana dada. Basi nakuongezea la kuangalia: waulize hao wa binafsi likizo ya uzazi inahesabiwaje kwenye malengo. Kwetu kuna dada alirudi kutoka likizo akakuta malengo ya mwaka mzima yanamsubiri, miezi aliyokuwa nje haikupunguzwa. Kwenye barua yake kila kitu kilikuwa sawa kisheria. Kwenye karatasi ya safu mbili hakikuwa sawa.

Kalamu_Nyekundu

Mimi ni mkaguzi wa ndani. Nimekagua pande zote mbili, na naona mnajadili mshahara na usalama huku jambo lenyewe mnalipita. Mtoa mada amesema anataka mikopo. Basi tuzungumze saini.

Benki binafsi deni lako ni la mwezi huu. Usipofikisha, unajua ndani ya siku 30. Inauma, lakini inakwisha: ukiondoka, malengo yako wanapewa wengine.

Benki ya umma deni lako ni saini yako, nalo halistaafu. Niliwahi kufungua faili la mkopo lililokuwa limelala kabatini miaka saba. Mteja biashara ilikufa. Ndani ya faili kulikuwa na fomu ya maombi, hesabu za biashara, picha za ghala, barua ya kamati. Ripoti ya mthamini haikuwepo. Mahali pake palikuwa na karatasi ya manjano imeandikwa kwa kalamu ya bluu, "ripoti inaletwa", na saini. Mwenye saini alikuwa ameshastaafu. Akaitwa. Alikuja na miwani miwili, akaishika ile karatasi muda mrefu, akasema mwandiko ni wake lakini hakumbuki. Hakuna aliyesema ameiba. Ila sehemu ya kiinua mgongo chake ilisimama mpaka jambo liishe, na mimi nilihama idara halijaisha.

Umma kuna macho mengi kwa sababu ile hasara ni fedha ya umma: mkaguzi wa ndani, mkaguzi wa serikali, kamati ya bunge, watu wa kuzuia rushwa, na gazeti. Ndiyo maana maofisa wengi wa umma wanaona kukataa mkopo ni salama kuliko kuutoa. Watu wanaita uvivu. Nusu yake ni woga wenye sababu.

Na uhamisho unaolalamikiwa una kazi yake. Mwanzoni mwa 2018 ulifumuka wizi mkubwa Punjab National Bank, benki ya umma ya India, tawi moja la Mumbai. Ulifumukaje? Ofisa wa siku zote alikuwa amestaafu. Wateja walipokuja kuomba hati za udhamini, yaani ahadi ya benki kulipa wao wakishindwa, kama walivyozoea, ofisa mpya akawaambia waweke fedha taslimu kama dhamana. Wakashangaa, "Mbona siku zote tunapewa bila?" Akatafuta kwenye mfumo, hakuna kumbukumbu. Yule wa kwanza alikuwa amekaa meza ileile miaka mingi, na akakamatwa akiwa mstaafu. Kwa hiyo dada ukisoma "tawi lolote atakalopangiwa" usikasirike haraka. Ni kipengele kinachokusumbua wewe, na pia kinakulinda na faili la mtu mwingine.

Msomi_Mkavu

Kalamu_Nyekundu, sikubali yote. Ukitoa mkopo wa udanganyifu benki binafsi polisi hawaulizi mwenye hisa ni nani. Na Benki Kuu inakagua wote.

Kalamu_Nyekundu

Udanganyifu, sawa. Mimi nazungumzia kosa la kawaida, mkopo uliotolewa kwa nia njema ukaharibika. Binafsi ni hasara ya biashara, wanaandika, wanafunga, labda unakosa bonasi. Umma mtu anaweza kuuliza kwa nini uliitoa mali ya umma. Maswali hayo mawili hayana uzito sawa.

Mkopo_Chechefu

Hapo Kalamu yuko sahihi. Ila asiseme deni la mwezi linakwisha tu lenyewe. Mwezi ukibana mno watu wanaanza kutengeneza namba. Wells Fargo, benki binafsi ya Marekani, 2016: wafanyakazi walifungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba, kwa sababu ubao ulikuwa unataka akaunti. Faini dola milioni 185, na wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa, wengi watu wa matawini. Ubao uliwekwa na nani? Wale walichukua muda mrefu zaidi kuondoka.

Dada, siku ukijikuta unamfungulia shemeji yako akaunti ya pili ambayo hataitumia, ujue umefika mlangoni.

Mwindaji_Amana

Shemeji yangu ana tatu 😂

Nakubali, presha ni kubwa. Ripoti ya Benki Kuu ya India ya 2023-24 ilisema kwenye benki binafsi kadhaa walizoziangalia watu wanaoacha kazi kwa mwaka ni kama asilimia 25. Mmoja kati ya wanne. Kwenye timu yangu mimi ndiye mzee, na nina miaka 31.

Bwana_Mihuri

Umejimaliza mwenyewe. Umma una pensheni.

Msomi_Mkavu

Una pensheni *ya nani*? Watu wanachagua kazi kwa pensheni ya mjomba. India hiyohiyo, walioingia benki za umma tangu Aprili 2010 hawamo kwenye ile pensheni ya zamani yenye kiwango kinachojulikana. Wanachangia, mfuko unawekezwa, unapata kilichopatikana. Ndani ya tawi moja kuna wawili wanaofanya kazi sawa, mmoja ana pensheni ya mjomba na mwingine ana akaunti. Isome barua yako: imeandikwa utalipwa kiasi gani, au imeandikwa utachangia kiasi gani?

Njia_Panda

Nimesoma tena. Zote mbili zimeandikwa nitachangia. Tena asilimia ileile.

Bwana_Mihuri

Naomba nitoke kidogo.

Jicho_la_Tai

Mie nimeacha umma nikaenda binafsi, na nina machache tu. Moja, kutoka umma kwenda binafsi mlango uko wazi miaka mingi, hasa ukiwa umekaa dawati la mikopo. Kurudi ni shida, kwa sababu umma unaingia kwa mtihani na umri. Ule mtihani wa pamoja wa maofisa wa benki za umma India, wa IBPS, unataka uwe kati ya miaka 20 na 30. Ukivuka, umevuka. Kwa hiyo kama huna uhakika, anzia upande ambao mlango wake unafungwa mapema.

Nyingine ni tawi dogo. Watu wanalilia kupelekwa mbali. Mimi tawi langu la kwanza lilikuwa na watu sita. Jumatatu nipo kaunta, Jumanne natembelea shamba la mkopaji na gumboti za kuazima, Jumatano naandika ripoti ya mkopo huo huo, Alhamisi naitetea mbele ya meneja ambaye amekaa na wakulima miaka 25 na anajua ghala tupu kwa kunusa. Nilipohamia binafsi makao makuu nikakutana na vijana wenye miaka minne kazini wanaojua kadi tu. Kadi! Mkopo hawajawahi kuuona ukiwa na matope.

Mwindaji_Amana

Hilo la kadi ni kweli, nakiri. Mimi mwenyewe sijawahi kuandika ripoti ya mkopo mwanzo hadi mwisho. Naleta mteja, idara ya uchambuzi inaandika, kamati inaamua, mimi nasikia majibu pamoja na mteja. Sikuliona kama pengo mpaka nilivyosoma hapa.

Kalamu_Nyekundu

Basi tumefika penyewe. Njia_Panda, kesho piga simu zote mbili. Usiulize mshahara, huo unaujua. Waulize: kiti ninachokuja kukaa, aliyekuwepo yuko wapi sasa? Na lini, kwa maandishi, nitashika faili la mkopo?

Chura_wa_Kisima

Hili swali la kwanza hata wakati wa kuoa ni zuri.

Njia_Panda (Alhamisi usiku)

Wakuu narudi na majibu.

Binafsi alipokea dada mchangamfu sana. Aliyekuwepo yuko wapi? "Alipata nafasi nzuri zaidi." Aliyekuwa kabla yake? Akacheka, akasema "dada na wewe!" Kisha akashusha sauti akaniambia mimi nitakuwa wa nne ndani ya miaka miwili. Nikauliza kuhusu uchambuzi wa mikopo, akasema inawezekana baada ya kuthibitishwa. Nikaomba niandikiwe. Saa kumi nikapata barua pepe: "nafasi za ndani hutangazwa kadiri zinavyopatikana." Sijamlaumu, alinisaidia kuliko alivyotakiwa.

Umma nilipiga mara saba. Ya nane akapokea mzee, akaniweka kwenye simu nasikia mafaili yanafunguliwa. Akasema miezi sita ya kwanza kaunta, miezi sita hesabu za tawi, mwaka wa pili mikopo midogo chini ya ofisa mwingine, saini yangu peke yangu mpaka nipite mtihani wa ndani. Nikamuuliza kwa maandishi? Akasema "yamo kwenye kanuni za mafunzo, ukurasa wa tisa, hamsomi." Akanitumia. Yamo kweli, ukurasa wa tisa.

Aliyekuwa kwenye kiti changu amehamishwa tawi lingine. Niliomba namba yake, akakataa.

Nasaini umma. Si kwa sababu ya baba, na kaka ameanza kuniita Bibi Mihuri. Hiyo nusu ya mshahara ninayoiacha inaniuma, nisiseme uongo. Nimejipa miaka minne.

Mwindaji_Amana

Ukimaliza hiyo minne nitafute. Kama bado nipo.

Kalamu_Nyekundu

Chochote utakachosaini weka nakala yako, na tarehe uiandike kwa mkono wako.

Mama_Kaunta

Hongera mwanangu. Miezi sita ya kaunta usiidharau. Siku ya kwanza ukikabidhiwa droo, hesabu mbele ya anayekukabidhi, hata akiwa meneja mwenyewe. Atanuna. Wewe hesabu.

Njia_Panda

Hata vile vibunda vilivyofungwa, vyenye muhuri?

Mama_Kaunta

Hivyo hasa.